Mtoto Aliyepiga Chafya kwa Jina Langu

Habari za kifo changu nilizipata kwenye kituo cha kupimia majani mabichi ya chai pale Kimulot, saa nane mchana, nikiwa nimebeba mikate miwili, kilo mbili za sukari na pakiti ya majani chai. Ndiyo, majani chai. Sisi tunaozungukwa na chai hadi mlangoni mwa choo huinunua dukani kama watu wengine, na mgeni akija bila pakiti husemwa wiki nzima.

Nilikuwa nimeshuka kwenye pikipiki mapema ili nitembee hatua za mwisho nikipanga maneno. Nilikuwa sijakanyaga nyumbani kwa miaka kumi na mmoja, na miaka saba kati ya hiyo sikuwa nimepiga simu. Wanawake walikuwa wamepanga magunia yao wakingoja lori la kiwanda. Jirani yetu, mama aliyenifunza kuchuma nikiwa darasa la tano, aliinua macho akaniona. Akatazama miguu yangu. Akarudi usoni. Kisha akaliachia gunia, majani yakamwagika kwenye matope, na hakuna mwanamke wa Kimulot anayemwaga majani kwa mchezo.

"Wewe ni mtu ama ni nini?" aliuliza.

"Chamgei, mama. Ni mimi. Umenisahau?"

"Sijakusahau. Wewe si ulikufa?"

Nilicheka. Nilidhani ni ule utani wetu wa kumchapa aliyepotea kwa maneno: ulikuwa wapi, ulimezwa na nani. Lakini hakuna aliyecheka nami. Mmoja wao alikuwa ameanza kuomba kwa sauti. Jirani alinyoosha mkono akanigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima kama pasi imeshika moto.

"Iko na joto," akawaambia wenzake. Kisha akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Tulikulilia, mtoto yangu. Mimi ndio nilipika chai ya matanga yako. Sufuria mbili kubwa."

Nimewahi kuzomewa jukwaani, nimewahi kuzimiwa maikrofoni katikati ya wimbo, lakini hakuna kilichowahi kunitayarisha kukutana na mpishi wa matanga yangu. Alinisindikiza hadi nyumbani, mimi mbele yeye nyuma, na kila nilipogeuka nilimkuta ameongeza umbali.

Acha nieleze nilivyofikia hapo, la sivyo mtu atadhani ukoo wetu ni wa wendawazimu.

Mimi ni mwimbaji wa soul. Nilianzia kwenye kwaya ya kanisa letu, mama yangu akiwa mwalimu wa kwaya, mwanamke mwembamba mwenye fimbo ambayo hakuwahi kumpiga nayo mtu na kila mtu aliiogopa. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki mimi, mama na kaka yangu. Nilipomaliza shule, mama alinituma Kericho mjini nipeleke redio yake itengenezwe. Fundi alikuwa mzee Mkikuyu aliyehamia mjini tangu ujana wake, na kibandani mwake alikuwa na kabati zima la kanda za Wamarekani weusi. Aliniwekea moja huku akichomelea nyaya. Mwanamke alikuwa akiimba. Sikuelewa nusu ya maneno yake, lakini nilijua papo hapo kwamba huyu ni mtu wa kanisa, ila ameichukua ile sauti ya kumwitia Mungu akaenda kumwitia mume aliyetoroka. Nywele zilinisimama. Sikujua kwamba inaruhusiwa.

Redio ilipona siku hiyo hiyo. Mimi ndiye sikupona. Nilirudi kibandani kila Jumatano na kisingizio kipya, na yule mzee akanifunza bila kuniambia kwamba ananifunza. "Toa hapa," alikuwa akisema akigonga tumbo lake, "koo ni mlango tu." Ndiye aliyenitafutia Jumamosi yangu ya kwanza, kwenye hoteli ya rafiki yake iliyokuwa na baa upande mmoja. Niliimba nikiwa nimevaa sketi ya kwaya kwa sababu sikuwa na nyingine. Watu waliacha nyama ikapoa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilitoka pale nikiwa sijui kama natembea au naelea.

Habari zilifika Kimulot kabla yangu. Siku ya pili yake, Jumapili, mama alisimama mbele ya kanisa akaomba msamaha kwa niaba yangu, nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Kisha akaniondoa kwenye kwaya kwa sauti ile ile ya kutangaza mazoezi ya Alhamisi. Nilihisi uso ukiwaka hadi masikioni. Nje ya kanisa nilimwambia kwamba hataniona tena, na mimi, kwa bahati mbaya, ni mtu wa kutimiza ninachosema.

Nairobi nilikaa miaka mitano, nikiimba katika bendi ya hoteli moja kubwa. Bendi ilikuwa na waimbaji wawili wa kike, na sote wawili tulitoka pande za Kericho. Mlinzi wa getini hakujisumbua na majina yetu. Sote alituita "wa Kericho", na sote tuliitika. Kisha tukapata mkataba wa kwenda kuimba Doha, tukaondoka pamoja. Kila Krismasi ya miaka ile ya mwanzo nilipiga simu nyumbani tukazungumza kuhusu mvua na ng'ombe. Baadaye simu zikapungua, zikakwisha. Nilibadilisha nambari. Ndivyo mambo huwa, nilikuwa nikijiambia.

Mwaka wetu wa pili kule, mwenzangu aliugua wiki mbili akafa. Nilimlilia sana. Alirudishwa akazikwa kwao Ndanai, nami nikabaki nikiimba sehemu zake na zangu. Nilichokuwa sijui ni kwamba miezi michache baadaye kaka yangu alisafiri hadi Nairobi kunitafuta, akafika kwenye ile hoteli, akamuuliza mlinzi habari za msichana wa Kericho aliyekuwa akiimba.

"Yule wa Kericho? Pole sana, bwana," mlinzi alimwambia. "Alifariki huko Uarabuni."

Kaka hakuuliza ni yupi, maana hakujua kwamba tulikuwa wawili. Alizunguka ofisi mbili tatu kuulizia maiti, akapigwa danadana, akarudi nyumbani na hayo aliyopewa. Walingoja mwezi mzima. Kisha wakaniombea kanisani bila jeneza, wakapika chai.

Haya yote alinisimulia kaka mwenyewe alasiri ile, akiwa ameketi ukingoni mwa kochi, akinigusa kichwa kila baada ya sentensi mbili. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha yangu ya kitambulisho cha shule, imekuzwa hadi pua ikatawanyika, imezungushiwa maua ya plastiki. Sikuweza kuitazama na sikuweza kuacha kuitazama. Alipofika mahali pa chai alishindwa kuendelea, akatoka nje akaenda kusimama na ng'ombe.

Nilibaki na mkewe, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, na binti yao wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amepanda juu ya kigoda anawaimbia kuku waliokuwa mlangoni, kwa sauti ya kupasua bati. Nikainuka nimchukue. Mama yake alinitangulia, akamvuta nyuma ya sketi yake.

"Usimguse, senge," alisema. Hata hivyo aliniita senge, shangazi, kwa heshima zote. "Tafadhali. Usimguse kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huyu ndio wewe."

Sisi ni watu wa kanisa. Watoto wetu hubatizwa na huwa na majina ya Biblia hadi yanakwisha. Lakini mtoto akizaliwa, kabla habari haijamfikia mchungaji, akina mama wazee hukusanyika chumbani na kumtajia mmoja mmoja majina ya watu wa ukoo waliokufa. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo aliyetajwa ndiye aliyerudi, na mtoto huyo ni wake maisha yote. Wengine husaidia kwa ugoro kidogo puani mtoto akichelewa. Mchungaji anajua na hajui.

Mke wa kaka alinieleza huku amemshika mtoto kwa mikono miwili. Walianza na nyanya mzaa baba, mtoto kimya. Wakataja mashangazi wa zamani, kimya. Wakamaliza wanawake wote wa ukoo, wakaanza upya, na mtoto akawa anawatazama tu. Akina mama wakaanza kuogopa. Ndipo mama yangu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo, akalitaja jina langu.

"Alipiga chafya papo hapo," alisema mke wa kaka. "Na hakukuwa na ugoro, senge. Naapa. Nilikuwa hapo."

Mimi nilikuwa Doha siku hiyo, pengine nikipaka rangi ya midomo. Nilimtazama yule mtoto naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani niliogopa mtoto mdogo.

Saa kumi mama alirudi kutoka shambani. Nilisimama. Nilikuwa nimeshaona watu wakiniona siku hiyo: kilio, maombi, majani yakimwagika. Nilijikaza kupokea chake. Mama alisimama mlangoni na kikapu mgongoni, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Umekonda," alisema. "Umekula?"

Basi. Akaenda kunawa mikono. Niligeuka kumtazama kaka, ambaye alikuwa amerudi ndani, naye alikuwa ameduwaa kuliko mimi. Jirani aliyekuwa hata hanijui vizuri siku hizi alilia hadi akashika ukuta. Mama yangu mzazi aliniuliza kama nimekula. Niliumia vibaya sana. Nilijiambia kwamba huyu alinizika moyoni ile Jumapili ya kanisani, na hiki kifo kingine kilikuwa cha watu wa nje tu.

Asubuhi ya pili mtoto aliamka na homa. Zahanati walisema ni koo, wakampa dawa ya maji, lakini kufikia mchana Kimulot yote ilikuwa na maelezo yake. Mtu hawezi kuwa mahali pawili, walisema. Mtoto amebeba mtu ambaye hajafa, na mwenyewe amekuja kujichukua. Mmoja lazima ampishe mwenziwe. Mke wa kaka hakula siku hiyo. Jioni kaka aliniita kando akaanza kuzungumza akitazama viatu vyake.

"Dada yangu, usione vibaya. Tuite wale wamama tena. Mtoto atajiwe mtu mwingine, yako itolewe. Lakini mama amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amesema hakuna kuita mtu. Jina itakaa hapo hapo kwa mtoto. Sasa mke wangu anasema…" Alisita. "Anasema basi wewe ndio utoke. Ukae Litein kidogo, mpaka tuone."

Mambo yalikuwa yamenyooka mbele yangu. Ama mama anirudishe miongoni mwa watu walio hai, au niondoke kwetu mara ya pili, na safari hii hata pa kurudi pasingekuwapo kwa sababu mahali pangu palikuwa na mwenyewe. Na neno lilikuwa lake peke yake. Yeye ndiye aliyenitaja. Hakuna mwingine ambaye angeweza kunitoa.

Kesho yake, Jumatano, nilimfuata shambani. Shamba letu linapanda hadi karibu na msitu wa Mau, na alikuwa mstari wa juu kabisa, umande bado haujakauka. Nilichukua kikapu nikaingia mstari uliopakana na wake. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau kazi. Niling'oa majani makubwa pamoja na chipukizi, naye akawa anapitisha mkono, anayatoa kikapuni mwangu na kuyatupa.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa upole. Nilisema kwa hasira.

"Mama, mimi niko hai."

"Nakuona."

"Basi mbona unataka niendelee kuwa mfu? Nilikukosea kiasi gani?"

Hakusimamisha mikono. Alichuma hadi akamaliza kichaka kile, akahamia kingine.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukufa."

Nilidhani sikumsikia. Nikamwomba arudie, naye akarudia bila kubadilisha neno.

"Nilipeleka redio kwa yule mzee wa Kericho," alisema. "Akanionyesha video yako ukiimba, kwa simu yake. Ulikuwa umevaa nywele ya kununua na nguo nyekundu, mabega nje. Nikamuuliza, hii ni ya lini? Akasema ni ya wiki hii. Nikamwambia arudishe mwanzo. Alirudisha mara nne. Nikamwambia asiambie mtu."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Mtoto alikuwa bado kwa tumbo. Mwezi mmoja hivi kabla azaliwe."

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nimeambiwa. Mama yangu, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameketi kwenye kile chumba katikati ya wanawake walioamini kwamba mimi ni marehemu, yeye peke yake akijua kwamba sivyo, na akafungua mdomo akanitaja pamoja na wafu. Sijawahi kusikia mtu wa kwetu aliyefanya jambo kama hilo. Watu hukwepa hata kulitamka kwa mzaha.

"Uliniita na wafu ukijua naishi?"

"Niliita."

"Kwa nini, mama?"

Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

"Mtoto alikuwa amekataa watu wote," alisema. "Na wewe nilikuwa nimekuita na simu mpaka nambari ikaacha kuita. Nikasema, wacha nijaribu na hii." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ulikuja haraka. Sikuwa hata nimemaliza kutaja."

Machozi yalinitoka kabla sijajua kama ninalia. Bado nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani sasa. Nilimuuliza habari za kaka, aliyelia miaka minne kwa kitu ambacho neno moja lake lingekimaliza. Kwa nini hakumwambia? Kwa nini hakumwambia mtu yeyote?

"Ningewaambia nini?" alisema. "Ukifiwa na mtoto, watu wanakuletea sukari na wananyamaza. Mtoto akiwa hai na hataki kuja, wanakuuliza kila siku ulimfanya nini."

Niliketi chini pale pale kati ya mistari, kikapu kikiwa bado mgongoni. Nililia kwa sauti ya kijinga ambayo hakuna anayeweza kuilipia kiingilio. Mama alisubiri. Nilipotulia kidogo aliniambia niinuke, nisikae kwa umande nitapata baridi ya mgongo, kisha akarudi kwenye chai yake.

"Nilikataa kuita wale wamama kwa sababu sikujua kama utakaa," alisema. "Ukienda tena nitabaki na nani? Lakini unalia kama mtu wa kukaa. Jumamosi nitawaita. Nitaondoa jina lako kwa mtoto, na nitawaambia mbele ya wote kwamba nilijua. Hiyo ni yangu. Na wewe utawaambia kwa nini hukuja."

Nimeimba mbele ya mabalozi, nimeimba mbele ya watu wenye visima vya mafuta, na hakuna siku niliyosimama nikakosa la kutoa. Siku hizo tatu nilitembea kwenye vijia vya shamba letu nikijaribu sababu zangu kwa sauti, moja baada ya nyingine: kazi ilikuwa nyingi, mikataba ilikuwa migumu, nambari ilipotea, alinitia aibu kanisani. Nilizisema zote na zote zilikuwa za kweli kidogo. Lakini kila nilipofika mwisho wa kijia nilibaki na ile moja ambayo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Simu zake niliziona. Nilikuwa nikiishika simu mkononi, natazama neno "Mama" likiwaka, nangoja hadi linyamaze, kisha naenda kuimba.